Naomba ushauri: riwaya yangu imewatisha wasomaji wa kwanza, sasa naambiwa nitoe sura ya makaburi

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Moshi, na wiki hii furaha imenijaa hadi usingizi umekata. Riwaya yangu ya kwanza ya kutisha niliitolea nakala tano stesheneri, nikawapa watu waisome kabla haijaenda kiwandani. Jana dada mmoja wa Kiborloni kanirudishia yake. Pembeni ya ukurasa wa 63 kaandika kwa penseli: "Hapa nimemwamsha mume wangu anisindikize chooni." Nimeusoma mstari huo mara kumi!

Sasa, hadithi inatokea Desemba, watu wamerudi nyumbani, na kinachotisha kinatokea kwenye makaburi ya ukoo, kule kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, katikati ya migomba. Mzee mmoja kaisifu sana, lakini kaniambia, "Mwanangu, wafu wetu si wa kuchezea. Toa sura hiyo." Namheshimu mno, ila bila sura hiyo sioni kitabu.

Wenzangu mnaoandika, mngefanyaje? Nimrudie mzee tuzungumze, au tukio nilihamishie msitu wa Rau? Na wenyeji wa uchaggani, mngekwazika kweli? Nawasubiri kwa hamu.