Hivi huu ni mnada wa sarafu kweli au tunapandishiwa dau na muuzaji mwenyewe??

Wakuu salaam, nina hasira hapa nilipo na leo lazima niseme.

Kuna sarafu moja ya rupia mbili ya mwaka 1893 ilikuwa mnadani mtandaoni, muuzaji yuko Ujerumani. Wanaokusanya wanaijua, ile kubwa ya fedha ya gramu 23 na ushee, upande mmoja Kaisari Wilhelm II kavaa helmeti yenye tai juu, upande wa pili simba na mti kama mnazi hivi, ni zile zilizotolewa na ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, kabla serikali yao haijashika sarafu na kuleta heleri (senti za rupia) mwaka 1904. (Na tafadhali, asije mtu hapa na stori za rupia ya miujiza eti inavuta mchele, hizo pelekeni kwa matapeli wenu, mimi naongelea sarafu za kukusanya.)

Sasa sikilizeni. Mnada umeanza euro 50, watu wakapanda panda mpaka 200 na kitu. Mimi nikaweka ukomo wangu 480, yaani mfumo unanipandia wenyewe kidogo kidogo kila mtu akinipita, mwisho 480. Ukomo huo hakuna anayeuona, si ndio wanavyotuambia? Bei ikakaa 210 jina langu likiwa juu. Usiku wa kuamkia siku ya kufunga akaingia mtu mmoja, jina limefichwa, unaona herufi moja nyota tatu na namba moja, basi. Akapiga 500 moja kwa moja. Bei ikaruka mpaka 485, mimi nikawa nje. Dakika chache baadaye kalifuta lile dau, sababu aliyoandika eti alikosea kuandika kiasi. Sawa, binadamu anakosea. Bei ikarudi 210. Halafu yule yule karudi akaweka 470!! Nikabaki naongoza kwa 475.

Niambieni nyie, kati ya namba zote zilizopo duniani kwa nini 470? Mtu aliyekuwa tayari kutoa 500 kwa nini sasa aishie hatua mbili tu chini ya ukomo wangu halafu anyamaze mpaka mnada unafungwa? Ni kwa sababu lile la 500 halikuwa dau, lilikuwa la kunipima. Bei ilipofika 485 na hatua ni euro 5 akajua mimi mwisho wangu 480, akalifuta, akaja kunikamua nyama yote akaniachia mfupa. Sarafu ambayo ningeichukua kwa 210 ikawa 475.

Nikaenda kufukua historia yake, hiyo angalau wanaiacha wazi. Karibu madau yote ya huyo mtu ni kwa muuzaji huyo huyo, na kafuta madau zaidi ya mara moja. Mara nyingi hashindi. Na akishinda ndio inakuwa vituko, maana kwenye minada iliyopita nimeikuta SARAFU HII HII imeshauzwa huko nyuma, picha ileile, mkwaruzo uleule kwenye shavu la Kaisari na kile kidonda kidogo pembeni ya ukingo. Fedha ya miaka mia na thelathini haiwezi kuwa na pacha mwenye mkwaruzo sehemu ileile. Kwa hiyo "ilinunuliwa", haikulipwa, ikarudi sokoni. Zile zilizofungwa kwenye makasha ya NGC au PCGS, zile kampuni za kukagua sarafu, ni rahisi zaidi kuwakamata maana kila kasha lina namba yake, andikeni hizo namba mahali muwe mnalinganisha, mtashangaa.

Najua kuna watakaosema "mkuu si uliweka 480 mwenyewe, ukipata kwa 475 unalia nini". Jamani, 480 maana yake nitafika huko KAMA kuna mtu mwingine anaitaka kweli. Sio nishindane na muuzaji au shemeji yake. Ukienda mnada wa mitumba ukamkuta mwenye nguo kawapanga washkaji zake wajifanye wateja utaondoka, kwa sababu unawaona sura. Huku sura hatuoni, ndio tofauti.

Na sisemi kila anayepandisha ni mpambe wa muuzaji. Wageni wapo, anapanda euro 5, anaona bado, anapanda tena, usiku mzima, huyo ni mtu wa kawaida ana kiherehere tu. Ila mkusanyaji mzoefu huwa anajificha, anakuja sekunde za mwisho kabisa ili asiamshe bei. Mtu anayepandisha mapema, anafuta, anarudi, halafu zile sekunde za mwisho hayupo, huyo sarafu haitaki. Anataka bei.

Nikawaandikia wenye tovuti na skrinshoti zote. Wakanijibu baada ya kunisumbua weee kwamba hawajaona ushahidi wa kutosha na kwamba taarifa za mshiriki mwingine ni siri. Siri ya nani?? Nikagoma kulipa, akaunti yangu IKAWEKEWA ONYO la mteja asiyelipa! Mimi! Yule wa kufuta madau yuko huru anaendelea. Na msishangae, komisheni yao inakatwa kwenye bei ya mwisho, asilimia ya 475 ni zaidi ya mara mbili ya asilimia ya 210, nani atahangaika kumfukuza mtu anayemwongezea mapato?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwao huko Ujerumani hili lilishaamuliwa. Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikuwa na kesi ya jamaa aliyeweka gari lake aina ya Golf kwenye mnada wa eBay kuanzia euro 1 halafu akawa anapanda mwenyewe kwa akaunti ya pili mpaka ikafika 17,000. Mahakama ikasema madau ya muuzaji kwenye mali yake ni batili, hayahesabiki, kwa hiyo mteja aliyekuwa anashindana naye alikuwa ameshalinunua gari kwa euro 1.50, na kwa kuwa gari lilishauzwa kwingine akalipwa fidia ya kama euro 16,500. Uingereza nako mwaka 2010 kuna mmoja alipigwa faini ya paundi 5,000 kwa mchezo huohuo. Sasa mimi nikiwa Dodoma nitamshtaki nani Ujerumani kwa ajili ya euro mia mbili na sitini na kitu, wakili tu atakula zaidi, na wanalijua hilo ndio maana wanatufanyia.

Ninachotaka ni vitu viwili tu, dau likifutwa aliyefuta asiruhusiwe kurudi kwenye mnada uleule, na sarafu ikirudi sokoni iandikwe wazi kwamba iliuzwa tarehe fulani haikulipwa. Havihitaji kutoa siri ya mtu.

Ile rupia imerudishwa tena toka juzi, inafungwa Jumapili. Kama kuna mtu humu alishawahi kuibidia na baadaye akatumiwa meseji kwamba mshindi kashindwa kulipa kwa hiyo achukue yeye kwa dau lake la mwisho, aweke skrinshoti hapa, ufute jina lako ila tarehe na bei iache.