Wanaimba mpaka 20, ukiwaomba vizibo 7 wanachota tu

ChikichiKgm (Kasulu)
Habari zenu walimu. Darasa la awali, watoto 60, miaka 5. Moja hadi ishirini wanaimba bila kukosea. Mwambie mmoja akupe vizibo 7, anachota mpaka mkono ujae. Mwingine anahesabu 5 vizuri, ukimuuliza "viko vingapi?" anaanza upya. Nianzie wapi? Vifaa nilivyonavyo ni vizibo vya soda na mbegu za chikichi.

Mwl_Kaliua
Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Anayechota tu, anayeruka kizibo au kukigusa mara mbili, mpangie mstari. Kila anachokitaja akivushe ng'ambo ya mstari wa chaki. Anayeanza upya hajajua kwamba neno la mwisho ndiyo idadi yenyewe. Huyo akifika "tano", funika vyote kwa kitambaa ndipo umuulize. Hana tena cha kugusa, itabidi alikumbuke neno lile. Usivuke 5 mpaka "nipe 3" na "nipe 5" zitoke sawa siku kadhaa mfululizo.

MiembeTbr
Mimi ningeweka vizibo pembeni kwanza, kwa sababu ya lugha. Wimbo unasema "moja, mbili, tatu", vizibo vinataka "kimoja, viwili, vitatu", mawe "mawili, matatu", halafu sita na saba hazibadiliki, nane inageuka "vinane", tisa inagoma tena. Mtoto wa Kiha anayejifunza Kiswahili shuleni anapotea hapo, si kwenye hesabu. Mbegu zinafuata wimbo vilevile: mbegu moja, mbili, tatu. Anza nazo. (Maharage hapana, yanaishia puani.)

Kisha tafuta trei 4 za mayai, zile za 30. Trei ina safu 6 za mashimo 5. Kata safu mbili mbili, kila trei inatoa vipande 3 vya mashimo 10. Vipande 12 vinatosha vikundi 10 vya watoto 6. Wajaze safu ya juu yote kutoka kushoto kabla ya kushuka. Hapo 7 inaonekana ni tano na mbili, na mashimo 3 matupu yanasema kilichobaki kufika 10. Wakitupia mbegu ovyo, trei haina kazi.

ChikichiKgm
Asante. Na kuandika tarakimu?

Mwl_Kaliua
Baadaye. Weka mbegu 3, funua sekunde 2, funika. Akisema "tatu" bila kuhesabu kimoja kimoja, mwonyeshe 3 ya ubaoni.

MiembeTbr
"Moja moja", mwalimu. Ni mbegu 😄