Mliowahi kurudi na kitoweo kutoka porini msimu wa kipupwe, tupeane uzoefu

Mwana wa Kihesa
Wakuu, kamwene. Mpwa wangu yuko Wisconsin, Marekani, jana kanitumia picha kapiga goti kwenye theluji, koti la rangi ya machungwa kama fundi wa barabara, kashika pembe za kulungu. Kumbe kule mwezi wa Novemba wanafunguliwa siku tisa za kuwinda kwa bunduki, watu wanaomba ruhusa kazini kabisa. Anasema alikaa juu ya mti tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, mnyama kajitokeza saa mbili.

Nimemkumbuka marehemu baba. Asubuhi ya Julai, Mufindi, ukungu huoni mtu wa mbele, umande umelowesha suruali mpaka mapajani, halafu yule mnyama tohe akapiga ule mluzi wake. Ukiusikia jua wewe ndiye umeonekana. Siku hiyo tulirudi na majani ya chai kwenye viatu tu, ila wiki iliyofuata tulimpata. Leteni zenu. Za kibali tu, za ujangili wa waya na tochi pelekeni kwa bwana nyama.

Ngosi ya Uyole
Umesema za kibali, nusu yetu tumeshaondoka.

Mwalimu Mstaafu
Turekebishane kidogo. Huyo wa Marekani si pongo wala swala. Pembe zake ni mfupa, dume huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Pongo wetu pembe ikivunjika imevunjika. Kwa Kiswahili huyo ni ayala, yule wa Zaburi ya 42.

Dogo Makambako
Mwalimu, sisi kulungu ndiye pongo, toka babu na babu. Ayala nani kamwona?

Mwalimu Mstaafu
Daudi alimwona.

Binti Makete
Zaburi ya 42 ni ya wana wa Kora, Mwalimu. Shikamoo lakini.

Mpwa wa Idodi
Mkuu, hapo kwa pongo mmenigusa pabaya.

Agosti 2011, mimi na mjomba, upande wa Lunda kule Pawaga. Kibali tunacho, askari wa wanyamapori tunaye. Nyasi zimekauka, ukikanyaga zinalia. Tukafuata korongo la mto tangu kumepambazuka, upepo unatupiga usoni, na chini ya mkuyu tukamwona: dume, mgongo mweusi, vidoa vyeupe ubavuni kama mtu kamrushia chokaa, anaokota kuyu zilizodondoka. Nilikuwa nasikia anavyotafuna.

Mjomba kaegemeza bunduki kwenye tawi, kaachia. Mnyama akakunja mgongo kama paka, akaingia kichakani. Askari akasema kaeni, mzee vuta sigara zako hata tatu. Mjomba hataki. "Nimempata, nimesikia risasi ikigonga."

Pale chini damu ilikuwa nyeusi, ina vipande vya majani yaliyotafunwa, inanuka. Askari akaninong'oneza: tumbo. Ya mapafu huwa nyekundu ya kung'aa na ina povu, hiyo unafuata unamkuta kalala. Ya tumbo unangoja masaa. Nikageuka kumwambia mjomba, mjomba keshaingia.

Akabweka mara moja. Pongo hubweka, wasiojua. Nikadhani mbwa. Kilichofuata ni kichwa kimeinama kinakuja, na mjomba yuko chini. Pembe zenyewe wala si ndefu, lakini moja ilizama pajani yote. Askari akammaliza akiwa hatua tatu kutoka nilipo, na mimi nimesimama nimeshika chupa ya maji, sijui kwa nini.

Tulifunga paja kwa shuka la askari. Gari lilikuwa mbali, tukambeba kwa zamu. Mjomba hakulia hata kidogo, alikuwa anauliza bunduki yake kashika nani. Kufika mjini, hospitali siitaji, tukawekwa kwenye benchi tunaambiwa tulete kwanza PF3. Mtu anavuja damu sakafuni wanataka karatasi ya polisi! Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Dogo Makambako
Pole sana kaka. Nyama je?

Binti Makete
Wewe Dogo huna haya.

Ngosi ya Uyole
Hapana, swali ni la msingi. Nyama je?

Mwindaji wa Chunya
Mjomba alifanya haraka, lakini na askari naye alitakiwa atangulie yeye. Vijana shikeni hili: beba majivu kwenye kitambaa, kitikise, uone upepo unaenda wapi. Na usioge sabuni siku mbili.

Baba Naomi
Siku mbili za nini, jifukize moshi wa kuni inatosha. Wanyama wamezoea moto wa msituni.

Mwindaji wa Chunya
Moshi ndio unawakimbiza! Umewahi kuwinda wewe au unawinda kuku?

Baba Naomi
Kuku wangu hawajawahi kumtoboa mtu paja.

Mama Wanging'ombe
Mume wangu alirudi na robo ya nyama ya zawadi, haina karatasi. Niliirudisha usiku huohuo, nikaiacha mlangoni kwa mwenyewe. Nyara ya serikali haina utani. Sikuhizi bucha za nyamapori zipo, nunua, chukua risiti, lala usingizi.

Mwana wa Kihesa
Mama umeongea. Hata mpwa wangu anasema kule ukishampata lazima umsajili kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Mpwa wa Idodi, mjomba alipona?

Mpwa wa Idodi
Alipona, anachechemea wakati wa baridi tu. Nyama iliandikwa kwenye kibali vizuri, askari alisimamia kila kitu, dereva akaipeleka nyumbani. Mjomba alipozinduka jioni, shangazi kamshika mkono analia, neno la kwanza: "Maini kala nani?"

Ngosi ya Uyole
Na kala nani?

Mpwa wa Idodi
Mjomba naye anasoma humu. Tuishie hapo.