Mafundi wa Mwanza, kapasita zimewakosea nini?

Wakuu, hili limezidi. Amplifaya ya hedifoni ikiletwa mezani inakwaruza, fundi hata hajaisikiliza, keshachomoa kapasita zote, kaweka mpya, kapokea hela. Wiki haiishi imerudi, inakwaruza vilevile! Igoma hivyo, Kirumba hivyo hivyo.

Sikilizeni kwanza. Shusha sauti iwe ya kunong'ona. Ikichafuka zaidi ikiwa chini, angalia transista za kutolea, zile zinazosukuma hedifoni. Ikichafuka ukipandisha tu, vichwa vya mawimbi ya sauti vinakatwa. Magonjwa mawili hayo, nyie mnayapa dawa moja.

La kukatwa vichwa ni jepesi. NE5532 (IC ya kukuza sauti) yenye rezista za 10k na 1k inakuza mara 11. Simu ikitoa volti 1, unaidai volti 11, na betri zako ni mbili za volti 9, yaani 9 juu na 9 chini. Itazitoa wapi? Toa 10k, weka 2k, inakuwa mara 3. Kwisha.

La transista ndilo mnalolikimbia. BD139 na BD140, ndizo hizo za kutolea, zikiunganishwa besi (mguu wa kuingizia) kwa besi, hakuna inayofanya kazi mpaka ipate kama volti 0.6. Kila wimbi likivuka sifuri panabaki pengo, na sauti ndogo karibu yote inaishia humo. Tenganisheni besi. Katikati wekeni dayodi mbili za 1N4148 zikifuatana, sauti ya kutoka IC iingie kati ya dayodi hizo. Besi ya BD139 ipate 4.7k kutoka chanya, ya BD140 4.7k kutoka hasi. Kila emita (mguu wa kutolea) iwe na rezista ya omu 10, na rezista ya kurudisha sauti kwenye IC (ile ya 2k) ianzie baada ya hizo omu 10, siyo kwenye mguu wa IC (hapa wengi ndipo mnapoharibu).

Bila muziki, pima volti kati ya ncha mbili za rezista moja ya omu 10: milivolti 50 ni miliampia 5, safi. Ukisoma sifuri, dayodi imeshoti. Transista zikiunguza kidole, dayodi umeigeuza au haijashika lehemu. Na dayodi zigusane na mwili wa transista, zipate joto pamoja.

Jibu: Mkuu punguza jazba. NE5532 yenyewe si inasukuma hedifoni bila transista?

Mleta uzi: Ya omu 600 sawa. Hizi za omu 32 zinataka mkondo, na IC hiyo hata ukiishoti inaishia kama miliampia 38. Ukipandisha sauti inakata.

Jibu: Umesahau 100nF kutoka mguu wa 8 na wa 4 kwenda graundi, ziwe jirani kabisa na IC. Zikikosekana inaweza kupiga kelele usizozisikia, transista zinachemka, nawe utalaumu dayodi bure.

Mleta uzi: Kweli, nimeziruka. Hizo ndizo kapasita za kuhangaika nazo.