Napoli kwa siku moja: Capri, Ischia au Procida? (Ulinganisho)

BintiBahari aliandika:

Habari zenu, ndugu wasafiri. Mwezi wa Septemba nitasafiri na mama yangu mzazi kwa meli ya utalii ambayo itafunga gatini Napoli siku ya Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na mwisho wa kurudi melini ni saa kumi na mbili kamili. Ziara za visiwani zinazouzwa ndani ya meli nimeziona, lakini watu huongozwa kwa makundi makubwa nyuma ya kibendera, na mama hapendi kukimbizwa. Nataka tuvuke wenyewe. Mama ana miaka 68. Penye tambarare anatembea vizuri, ila ngazi nyingi humuumiza goti. Naomba mnilinganishie visiwa hivi vitatu kwa muda wa kuvuka, urahisi wa kuzunguka kwa mtu wa hali yake, na uhakika wa kurudi kabla kamba hazijafunguliwa.

RamaniMkononi alijibu:

Dada, mimi nasema Capri bila kusita. Molo Beverello, gati zinakoondokea boti za kasi ambazo mabango ya pale huziita aliscafi, liko ubavuni mwa Stazione Marittima, jengo la abiria wa meli kubwa, kwa hiyo ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Boti hutumia takriban dakika 50 hadi Marina Grande, bandari ya Capri. Kutoka hapo mtapanda kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba hadi kwenye kiwanja cha Piazzetta, kisha basi dogo hadi Anacapri, mji wa juu wa kisiwa, kisha viti vya kamba hadi kilele cha Monte Solaro chenye urefu wa meta 589, ambako mtaiona miamba ya Faraglioni ikiwa imesimama baharini chini yenu. Ngazi za Kifoinike, ambazo ni 921, mtawaachia vijana. Kaisari Tiberio alihamia kisiwa hicho mwaka 27 na hakurudi tena kuishi Roma. Mtu mwenye dola nzima mikononi hakuchagua pale kwa bahati mbaya.

MzeeWaGati alijibu:

Binti, nimefanya kazi miaka 14 kwenye meli za aina hiyo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilisimama mlangoni pa kushukia abiria, pale mnapopitisha kadi na mashine ikalia. Kwa hiyo niwie radhi nikianza na safari ya kurudi kabla ya kusifu kisiwa chochote.

Meli husubiri ziara yake yenyewe, kwa sababu basi au boti ile ikichelewa, aliyechelewesha ni meli. Abiria aliyekwenda kwa njia yake hasubiriwi. Kinachotokea ni hiki: saa ya mwisho ikifika, mashine huonyesha ni kadi za nani ambazo hazijarudi, majina hutangazwa, kisha mtu hutumwa chumbani kutafuta pasipoti zao, naye wakala wa bandari hukabidhiwa ili awasaidie kuifuata meli kwa gharama yao wenyewe. Nimewahi kushika mkononi bahasha yenye pasipoti kama hizo, daraja la kupandia likiwa limekwisha kuvutwa, nikawaona mume na mke wakija mbio kutoka upande wa Beverello. Mama alikuwa peku, viatu kavishika, na mkono wa pili ana mfuko wa malimau. Walifika ukingoni wakati pengo la maji lilikuwa halijafika hata meta tano. Hakuna aliyewafokea wala aliyewarushia kamba.

Jambo la pili ni bahari. Boti za kasi ndizo zinazosimamishwa kwanza upepo unapochafua maji, wakati feri kubwa zinazobeba magari huendelea kwa muda zaidi. Njia ya Capri iko wazi kwa upepo wa kusini-magharibi, kwani kisiwa hicho kimekaa mlangoni mwa ghuba. Procida iko karibu na bara, na njia yake imekingwa zaidi. Septemba bahari mara nyingi huwa nzuri, lakini "mara nyingi" haikuahidi Jumapili yako.

La tatu, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni mlango wa nyuma. Boti za moja kwa moja kwenda Napoli zikisimama, unatokaje kisiwani? Kutoka Capri unaweza kujaribu Sorrento, mvuko wa chini ya nusu saa, halafu ushike treni ya Circumvesuviana, ambayo itakula zaidi ya saa nzima. Lakini upepo uliozizuia boti za Napoli huenda ukazuia na hizo. Kutoka Procida na Ischia kuna feri za kwenda Pozzuoli, mji ulio bara magharibi mwa Napoli, na Pozzuoli ina treni za kukufikisha katikati ya jiji. Kwa hesabu hiyo, mimi ningempeleka mama Procida.

ShangaziMikoba alijibu:

Mzee wetu amesema kweli, ila mbona Ischia imepitwa juu juu? Bandari yake yenyewe ni kioja: lilikuwa ziwa ndani ya kreta ya volkano, likafunguliwa kuelekea baharini mwaka 1854, ndiyo maana ukiingia unajihisi umo ndani ya bakuli. Kama kilometa mbili kutoka hapo iko ngome ya Castello Aragonese, iliyojengwa juu ya mwamba baharini na kuunganishwa na kisiwa kwa njia ya mawe iliyo tambarare kabisa, na ndani yake kuna lifti. Kwa mtu mwenye goti bovu, lifti ndani ya ngome ya kale si jambo dogo. Mimi nilikwenda na wifi yangu, mtu mzito kuniliko, akafika juu bila kulalamika.

Kasoro yake ni ukubwa. Kisiwa kina kilometa za mraba 46, na mabasi yanayokizunguka hujaa hadi mlangoni. Anayetaka ngome, chemchemi za maji ya moto na kilele cha Epomeo kwa siku moja atavikosa vyote vitatu. Chagueni ngome peke yake, mle chakula cha mchana Ischia Ponte, mtaa ulio mbele ya ngome, mrudi.

MpigaHesabu aliandika:

Naomba tuianze hesabu mwisho wa siku, kama mzee alivyoanza. Saa ya mwisho melini ni kumi na mbili. Ondoeni saa moja kwa ajili ya foleni ya ukaguzi na lolote lisilotarajiwa, tubaki na saa kumi na moja kuwa mwisho wa kukanyaga gati la Napoli. Kanuni yangu ni kwamba boti niliyoipanga lazima iwe na nyingine mbili nyuma yake ambazo bado zingenifikisha kabla ya saa hiyo. Ile inayoitwa ya mwisho kwenye ratiba kwangu haipo.

Capri ina safari nyingi kuliko visiwa vingine msimu wa watalii, na hilo ni sifa yake kubwa. Lakini kila aliyekwenda asubuhi anataka kurudi alasiri, kwa hiyo boti za saa tisa na saa kumi huisha nafasi mapema. Ongezeni foleni ya kile kigari cha reli, kupanda na kushuka, ambayo siku ya Jumapili yenye jua inaweza kumeza saa nzima, na Capri iliyo karibu kwenye ramani inakuwa mbali sana kwenye saa ya mkononi. Pango la Grotta Azzurra wala msiliingize kwenye mpango: mlango wake uko chini kiasi kwamba mtu hulala chali ndani ya mashua ndogo ili apite, na mawimbi kidogo tu yakiinuka hufungwa.

Procida ni kama dakika 40 kwa boti ya kasi na takriban saa moja kwa feri kubwa. Ischia ni kama saa moja kwa boti ya kasi na saa moja na nusu kwa feri. Safari za Procida ni chache kuliko za Capri, tena boti nyingi hupita hapo zikitoka Ischia, kwa hiyo huweza kufika zikiwa na watu tayari. Nunueni tiketi ya kurudi asubuhi ile ile.

RamaniMkononi alijibu:

Hesabu imenyooka, siibishii. Lakini tuambiane ukweli: Procida haifiki hata kilometa za mraba 5. Mtu amesafiri nusu ya dunia, atafanya nini pale kuanzia saa tatu hadi saa nane?

MzeeWaGati alijibu:

Atakaa, mwanangu. Akina mama wa umri huo wanajua kukaa kuliko sisi.

Ila kuna tahadhari moja ambayo sikuisema mwanzo. Picha zote mnazoziona za nyumba zenye rangi ya waridi, manjano na samawati ni za Marina Corricella, na bandari hiyo ndogo ya wavuvi haifikiki kwa gari. Unashuka kwa ngazi au unaingia kwa bahari. Kushuka ni rahisi, ila kupanda ndiko kutakakoliuliza goti la mama. Dawa yake ni kupanda taratibu njia ya kwenda Terra Murata, mtaa wa juu wenye gereza la zamani lililofungwa mwaka 1988, au kuchukua basi dogo au teksi kutoka gatini. Katikati ya njia hiyo pana mahali pa kusimama ambapo Corricella yote inaonekana kutoka juu, na hapo ndipo wapiga picha wenyewe husimama. Mkitaka kuigusa bahari, basi jingine linakwenda Chiaiolella, ncha ya pili ya kisiwa, ambako ufuko uko usawa wa barabara.

MsafiriMpole alijibu:

Nami niitetee ziara ya meli, kwani naona imefukuzwa kikaoni kabla ya kusikilizwa. Kama bandari inayofuata ni Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma, aliyeachwa ataifuata meli kwa treni. Kama inayofuata iko nchi nyingine, au meli inakaa baharini siku nzima kabla ya kufika, hapo gharama ya kuachwa ni kubwa mno kuilinganisha na kero ya kibendera. BintiBahari, inayofuata ni ipi?

BintiBahari alijibu:

Ni Civitavecchia, kesho yake asubuhi. Nashukuru kwa swali hilo, maana sikuwa nimelifikiria kabisa, na sasa moyo umetulia kidogo. Mama nimemsomea majibu yenu yote. Ngome yenye lifti aliipenda sana, lakini aliposikia saa nzima ndani ya boti iliyofungwa madirisha, akauliza kama hiyo feri kubwa ya polepole ina mahali pa kukaa nje.

Nina swali moja la ratiba. Kwenye ukurasa wa kampuni moja nimeona safari zenye neno *feriali* na nyingine *festivi*. Je, Jumapili yetu ni ipi?

MpigaHesabu alijibu:

*Feriali* ni siku za kazi, Jumamosi ikiwemo. *Festivi* ni Jumapili na sikukuu. Safari yenye neno la kwanza haitakuwepo siku yenu, hata kama ubao unaionyesha. Hakikisheni pia kampuni iliyotoa tiketi, kwa sababu tiketi ya kurudi ya kampuni moja haipokelewi kwenye boti ya nyingine, na boti inayofuata inaweza kuwa ya hao wengine.

Jingine ni letu sisi Waswahili. Andikeni saa zote kama ubao wao unavyoziandika, msizigeuze. Mwaka jana niliandika kwenye karatasi "boti saa 10:25", nikimaanisha kumi na dakika ishirini na tano alasiri, ambayo kwao ni 16:25. Mume wangu, aliyekuwa dirishani, aliisoma jinsi anavyoisoma simu yake, akanunua tiketi za saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, na hapo tulikuwa ndiyo kwanza tumeletewa chai. Na kama meli yenu itatokea Ugiriki, ambako saa iko moja mbele, angalieni saa iliyotangazwa melini na wala si ile ambayo simu imejirekebishia yenyewe.

BintiBahari alijibu:

Basi tumeamua. Tutakwenda Procida kwa feri kubwa na kurudi kwa boti ya kasi, tukilenga ile ya karibu na 14:30, na Pozzuoli tutaiweka akiba. Namba ya wakala wa bandari nitainakili asubuhi hiyo kutoka kwenye karatasi ya ratiba ya siku ya meli. Kama tutapata safari nyingine, Ischia itakuwa ya mama na lifti yake.

MzeeWaGati alijibu:

Uamuzi mzuri. Kumbukeni tu kwamba feri kubwa haziondokei Beverello. Zinaondokea Calata Porta di Massa, upande wa pili wa Stazione Marittima, mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Mama asiharakishwe, tokeni mapema. Sehemu ya kukaa nje ipo, juu. Mkienda, aketi upande wa kulia, kwani pwani ya Posillipo na rasi ya Miseno zitapita upande huo muda wote, na akitaka kuuona mlima Vesuvio ageuke tu nyuma.