Kijana wa miaka 17 anataka umeme wa magari, Kigoma: aanzie gereji au asubiri chuo?

Mlezi wa Ujiji anauliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye matokeo yake hayakumwezesha kuendelea na kidato cha tano. Tangu utotoni amekuwa akifungua redio mbovu na kuzirudishia sauti, na sasa anasema kwa msimamo kwamba anataka kujifunza umeme wa magari. Sitaki kumkatisha tamaa, lakini pia sitaki kumpeleka mahali ambapo baada ya miaka mitatu atakuwa bado anatumwa kununua maji na kuosha spana.

Kuna fundi mwenye gereji huku Mwanga aliyekubali kumpokea kwa shilingi 300,000, kwa muda wa miaka miwili, bila posho na bila karatasi yoyote, kwa maelezo kwamba ufundi hauandikwi, bali hushikwa kwa mkono. Chuo cha VETA, yaani cha mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, kipo hapahapa Kigoma, ila masomo ya mwaka huu yalianza Januari na itabidi tusubiri mwakani. Nimesikia pia habari za uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, unaogharamiwa na serikali, lakini kila ninayemuuliza ananieleza jambo tofauti. Je, nimkubalie fundi huyu? Na ikiwa kuna njia nyingine, maombi yanaandikwaje na yanapelekwa wapi?

Fundi wa Isevya, Tabora, anajibu:

Ndugu mlezi, pole kwa kufiwa na kaka yako, na Mungu akupe nguvu katika jukumu alilokuachia. Nina gereji Tabora kwa miaka mingi sasa, na sipokei zaidi ya vijana wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo naomba nikueleze jinsi ambavyo mimi mwenyewe ningempima fundi kabla ya kumkabidhi mtoto wangu.

Usimwulize fundi kama anafundisha vizuri, kwa sababu hakuna atakayekujibu kwamba anafundisha vibaya. Nenda gerejini asubuhi kazi zinapoanza, kaa pembeni hata saa mbili, uwaangalie vijana wake wa mwaka wa pili. Ikiletwa gari isiyowaka, ni nani anayeishika? Kama kijana wa mwaka wa pili anaachiwa kufungua altaneta (inayochaji batri) au stata (mota inayowasha injini), akakosea, na fundi akamwonyesha alipokosea bila kumfukuza, hapo kuna mwalimu. Kama fundi mkuu anafanya kila kitu peke yake huku vijana wakimulika tochi, utakuwa umelipia miaka miwili ya kushika tochi.

Jambo la pili linahusu fani hii yenyewe, na hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu zaidi. Katika umeme wa magari kuna mafundi wanaopima na kuna mafundi wanaobahatisha. Anayepima ana mita ya umeme mkononi, anaanza na batri, anafuata waya hadi kwenye fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na anaweza kukueleza kwa nini anashuku sehemu fulani kabla hajaigusa. Anayebahatisha anamwambia mteja anunue stata mpya, ikishindikana anunue batri, ikishindikana anunue altaneta, na gari ikija kuwaka hajui ni kipi kilichoiponya. Kijana huchukua tabia ya fundi wake kabla hajachukua ujuzi wake, na tabia ya kubahatisha nimeshindwa kuiondoa kwa vijana waliokuja kwangu wakiwa wameshakomaa nayo. Magari yanayoingia nchini siku hizi yana kompyuta, kwa hiyo uliza pia kama gerejini kuna skana, yaani kifaa cha kusoma hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari, au kama fundi ana mwenzake anayemwazima, na kama vijana wanaruhusiwa kuigusa.

Kuhusu hizo 300,000, desturi ya kulipia ipo na siilaumu, maana mwanafunzi huharibu vifaa na hula muda wa fundi. Hata hivyo usitoe zote kwa mkupuo. Omba kijana aende wiki mbili za majaribio bila malipo, kisha mlipe kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho itolewe kijana atakapoweza kufanya kazi mtakazokuwa mmezitaja. Makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala moja kwako na moja kwa fundi, yakieleza muda, saa za kazi, siku ya mapumziko, kazi ambazo atakuwa amefundishwa kila baada ya miezi sita, nani atamtibu akiumia, na lini ataanza kupewa walau nauli na chakula. Fundi anayekataa kuandika mambo hayo, mimi nisingempa kijana wangu.

Mwalimu wa karakana anajibu:

Ninashukuru kwa maelezo ya fundi wa Isevya, ambayo ninayaunga mkono. Ninafundisha ufundi stadi katika ukanda huu wa magharibi, na naomba nifafanue upande wa taratibu, kwa sababu mambo matatu tofauti yanachanganywa mara nyingi.

La kwanza ni kozi ndefu za VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hizi humpa kijana cheti cha taifa kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Kwa kawaida masomo huanza Januari, na fomu hutolewa miezi kadhaa kabla. Ulizeni chuoni kwanza kama umeme wa magari unafundishwa hapo, kwa kuwa si kila chuo kina kila fani, na wakati mwingine kijana hulazimika kuanza na ufundi magari wa jumla. Msivisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Kasulu, ambavyo navyo hufundisha ufundi na hupokea hata vijana ambao matokeo yao ya shule hayakuwa mazuri.

La pili ni uanagenzi ulio chini ya programu ya serikali ya kukuza ujuzi, inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Umelengwa kwa vijana wa miaka 15 hadi 35, serikali hulipia ada ya mafunzo, na kijana hugawa muda wake kati ya darasa na mahali pa kazi. Nafasi hutangazwa kwa awamu, si wakati wote, na ndiyo maana kila uliyemuuliza alikupa jibu la msimu wake. Maombi hupokelewa na chuo kilichotajwa kwenye tangazo, hivyo njia ya uhakika ni kufika chuoni na katika ofisi ya maendeleo ya vijana ya halmashauri, na kuendelea kufika.

La tatu, ambalo wazazi wengi hawalijui, ni kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya chuo, ambako wengine hukuita kurasimisha ujuzi. Mtu aliyejifunza gerejini huwasilisha ushahidi wa kazi zake, husailiwa, hufanya kazi mbele ya wapimaji, na akifaulu hupewa cheti. Kwa hiyo kwenda gerejini leo hakumfungii kijana mlango wa cheti kesho, ilimradi alichojifunza kionekane.

Umri wake nao ni jambo la kuzingatia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye mazingira ya hatari, na inapotoa nafasi ya mafunzo inataka usalama na afya yake vilindwe kikamilifu. Tindikali ya betri hupofusha, na gari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake imeua watu. Angalieni kama gereji ina stendi za kuegemezea gari, miwani na glovu.

Kwa maombi, andaeni nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kitambulisho cha taifa hajakifikia umri wake, pamoja na cheti cha kidato cha nne au matokeo yake, picha ndogo, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa. Barua ya maombi aiandike mwenyewe, isizidi ukurasa mmoja, na badala ya kusema tu kwamba anapenda ufundi, aeleze alichowahi kutengeneza: redio gani, ilikuwa na tatizo gani, na alilitambuaje. Barua ya namna hiyo nimeiona mara chache sana, na kila nilipoiona niliisoma hadi mwisho.

Mama wa Kibirizi anajibu:

Mimi nilijifunza kuchomelea kwa miaka mitatu katika karakana moja ambayo sitaitaja, bila maandishi yoyote. Nilipoomba barua ya kuonyesha kwamba nilipita pale, mwenye karakana alisema hanifahamu. Niliumia sana, na ndiyo maana naandika.

Mnunulie kijana daftari gumu leo. Kila jioni aandike tarehe, gari, tatizo, alichokipima, alichokifanya na kama gari iliwaka, na kila mwisho wa wiki fundi aweke sahihi. Picha za simu zisaidie. Nilipokwenda kupimwa ili nipate cheti, mimi nilikuwa na picha sita tu za mageti, na mwenzangu mwenye daftari alijibu maswali yote kwa kulifungua.

Nyongeza nyingine ni kwamba huku mwaloni tunahangaika na mafundi wa injini za boti. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mafundi waliotegemea boti peke yake walikaa bila kazi, lakini waliojua na umeme wa magari walipanda Mwanga na kuendelea. Kijana akishajua kupima, aje pia huku siku za Jumamosi.

Mlezi wa Ujiji:

Nimewashukuru sana. Leo asubuhi nilikaa katika gereji ile kwa saa mbili na nusu. Mita ipo, na kijana wa mwaka wa pili aliifungua stata mbele yangu, ila stendi za kuegemezea gari sikuziona. Nilipomweleza fundi habari ya maandishi alinyamaza kidogo, kisha akasema atakubali ikiwa malipo ya kwanza yatakuwa 120,000. Je, stendi niziweke kama sharti, au nitamuudhi?

Fundi wa Isevya:

Ziweke kama sharti la kwanza kabisa. Akisema hana fedha ya kuzinunua, mwambie sehemu ya hiyo 120,000 ianzie hapo, na ziwepo kabla kijana hajaingia chini ya gari lolote.