Ziwa la juu mlimani kwa siku moja: Ellis, Rutundu, Michaelson, au tuvuke mpaka?

MjukuuWaNithi
Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa watu waliokanyaga huko wenyewe. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 63. Kazaliwa Chuka, Mlima Kenya ameuona kila asubuhi mawingu yakiruhusu, maji ya Mto Nithi ameyateka tangu utotoni, lakini hajawahi kupita msitu akaona kilicho juu yake. Mwezi jana kaniambia kilele hakitaki. Anataka kuliona ziwa, yale maziwa ambayo wanafunzi wake walikuwa wakirudi wakimsimulia.

Tuna siku mbili: tulale mahali usiku mmoja, kesho yake tutembee na kurudi nyumbani. Goti lake la kulia humsumbua hasa akiteremka. Orodha yangu ya maziwa ya Mlima Kenya imebaki na Ellis, Rutundu (na Ziwa Alice likiwezekana) na Michaelson. Rafiki yangu anasema niache yote nimpeleke Mlima Bisoke, Rwanda. Mngekuwa na mzazi wenu, mngechagua lipi?

Kendi_Nkubu
Nimefika Michaelson mara mbili, na sijaona mahali pazuri zaidi katika mlima wote. Liko chini kabisa ya Bonde la Gorges, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na ukuta wa mwamba unasimama juu yake kama ukuta wa msikiti. Ule ukuta ndio wanaouita Temple. Ukiutazama ukiwa chini shingo inauma.

Ila usimpeleke baba huko kwa siku moja. Mara zote mbili nililala hema pale pale ziwani. Hata ukianzia mwisho wa barabara ya gari, kwenda tu ni siku nzima, halafu unafika kwenye hewa nyembamba jioni, umechoka, na bado hujarudi. Michaelson ni la siku tatu au nne. Liache kwanza.

MjukuuWaNithi
Asante dada Kendi. Umenivunja moyo kidogo, maana nilitamani hilo kwa sababu Mto Nithi unapitia humo.

TimauBoy
Rutundu, bila kufikiria mara mbili. Liko upande wa kaskazini, kama mita 3,100, na unaingilia upande wa Timau. Gari linakufikisha karibu, mnavuka kijito kwa miguu, mnafika. Kuna nyumba za mbao za kulala na mahali pa moto, na ziwa lina trauti, kwa hiyo mzee akipenda kuvua atakaa na ndoano mpaka jioni. William, mjukuu wa Malkia Elizabeth, na Catherine walilala hapo Oktoba 2010, siku zile za posa yao.

Kwa goti bovu hakuna la kulishinda. Alice ndilo lina kupanda kwenyewe, liko juu zaidi, ndani ya shimo la volkano ya zamani. Nenda Alice wewe na vijana, mzee abaki Rutundu.

Kendi_Nkubu
TimauBoy, uliyosema ni kweli, ila nyumba zile ni chache na bei yake si ya mwalimu mstaafu. Halafu baba wa watu ametoka Chuka. Huko atauona mlima kwa kisogo chake.

Furaha_wa_Musanze
Mimi naishi Musanze, Bisoke nimepanda mara nne. Kilele ni mita 3,711, na juu kabisa kuna ziwa ndani ya kreta. Mnaripoti ofisi za hifadhi Kinigi saa moja asubuhi, mnagawiwa kiongozi, na jioni mko hotelini mnaoga. Kama swali ni "ziwa la mlimani kwa siku moja" peke yake, hakuna linalolingana nalo huku kwetu. Mnapita pia karibu na alipokaa Dian Fossey, yule mtafiti wa sokwe wa milimani. Kituo chake cha mwaka 1967 alikiita Karisoke kwa kuunganisha majina ya milima miwili, Karisimbi na Bisoke.

Lakini goti, ndugu yangu! Njia ni matope, mizizi na utelezi, na kushuka ndiko kunakomaliza watu. Nimeona kijana wa miaka 25 akishuka kwa makalio. Majani yanayowasha, yale Wakenya mnayaita thabai, yako kila upande, na usiposhika kitu unaanguka, ukishika unawashwa. Njoo wewe mwenyewe kwanza, baba usimlete. Na wakikuambia Muhavura upande wa Uganda nao una kiziwa kileleni, ni kweli, lakini ule ni mita 4,127 na ni mkali kuliko huu.

MkaziWaKaratu
Naongeza la Tanzania, wakuu. Empakaai, ndani ya Ngorongoro. Mnaenda na askari mwenye bunduki, mnateremka msituni hadi ziwani, maji ya magadi, na flamingo wakiwepo ufuo unakuwa wa waridi. Mkiwa ukingoni kukiwa kweupe mnauona mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Shida ni kwamba huku mnaanza kwa kushuka, kupanda kunawasubiri mwisho mkiwa mmechoka. Kwa goti la mzee silisifii, ila kwa wengine wanaosoma mada hii, liwekeni akilini.

PagaziMstaafu
Mwanangu, nimebeba mizigo ya wageni njia ya Chogoria miaka 19. Nakujibu kama ninavyomjibu mtoto wa jirani.

Nenda Ellis, na liende hivi. Siku ya kwanza toka Chogoria mjini mchana, panda na gari lenye nguvu za magurudumu yote manne. Njia ya msituni ni zaidi ya kilomita 20, na mvua ikinyesha gari dogo linakwama kwenye mianzi, mahali ambapo nyati na ndovu wanapita. Laleni kwenye geti la hifadhi. Pale ni karibu mita 2,950 na kuna mabanda. Usiku huo mmoja si wa kupumzika tu, mwili unajifunza hewa. Watu wanaotoka Nairobi alfajiri na kutaka kuwa ziwani adhuhuri ndio niliowateremsha wakitapika.

Asubuhi anzeni saa kumi na mbili. Kutoka getini kwa kupitia Mugi Hill hadi Ellis ni kama kilomita 10, nyasi na maua ya milimani, miinuko ya kupumulika. Ziwa liko mita 3,400 na kitu. Kufikia saa nne ukungu huanza kupanda kutoka bondeni, na saa sita hamtaona ng'ambo ya maji. Kwa hiyo haraka yote iwe ya kuamka, si ya kutembea.

Sasa goti. Msirudi kwa Mugi. Mwambieni dereva awasubiri Roadhead, pale barabara inapoishia, kama mita 3,300. Kutoka Ellis mpaka pale hakuna mteremko wa kuua mtu. Mpe mzee fimbo mbili, moja kila mkono.

Na hili nimeliweka mwisho makusudi. Karibu na Roadhead kuna maporomoko ya Nithi. Maji yale yanatoka Bonde la Gorges, yamepita Michaelson. Michaelson hutalifikia, lakini maji yake yatakuwa yamekuja kwenu.

MjukuuWaNithi
Mzee wangu, shikamoo. Sijui niseme nini. Swali moja: baba anameza dawa za presha. Inawezekana?

Sista_Aisha
Mimi ni muuguzi. Aende kliniki anayotibiwa kabla hamjapanga tarehe, daktari anayemjua ndiye wa kusema ndiyo au hapana, asikudanganye mtu wa mtandaoni, hata mimi. Dawa zake abebe mfukoni mwake, si kwenye begi lililobaki garini. Na wewe mtazame. Kichwa kikimuuma, akikataa chakula, akianza kuyumba au kuongea ovyo, mnashuka saa hiyo hiyo. Hakuna "tumalizie kidogo". Wazee huwa hawasemi, wanaogopa kuwaharibia watoto safari.

TimauBoy
Nami nimekubali Ellis. Malipo ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) maliza mkiwa bado mjini, getini hawapokei pesa taslimu na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Chagueni Januari au Februari.

MjukuuWaNithi
Wadau, nimerudi. Daktari aliruhusu, tukaenda wiki ya pili ya Februari, mimi, baba, mdogo wangu na kiongozi wa Chogoria.

Usiku getini ulikuwa baridi ya kuuma meno, baba alilala na kofia na makoti mawili. Tulianza saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hakutaka kushikwa mkono. Kila baada ya robo saa alisimama akijifanya anatazama maua, na sisi tukasimama tukijifanya tunaamini. Saa nne na nusu tulikuwa ziwani. Maji yalikuwa yametulia, vilele vimejichora ndani yake, Batian, kile kirefu kuliko vyote, upande mmoja. Alivua kofia, akaketi kwenye jiwe, hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuwataja wanafunzi wake, mmoja mmoja, waliowahi kumsimulia mahali pale. Robo tatu ya saa baadaye ukungu ukafunika kila kitu, kama PagaziMstaafu alivyosema.

Goti lilimsumbua kidogo tukikaribia Roadhead, fimbo zikamsaidia. Kwenye maporomoko alisisitiza kushuka hadi majini mwenyewe. Akanawa uso, akajaza chupa ya soda tuliyomaliza, akasema, "Kumbe haya ndiyo yetu yakiwa bado mtoto." Chupa iko sebuleni Chuka, hataki mtu aiguse.

PagaziMstaafu
Mwambie asiyanywe bila kuchemsha. Na msalimie sana.

Kendi_Nkubu
Dereva mlimlipa ngapi kutoka mjini? Nataka kumpeleka mama Agosti.

MjukuuWaNithi
Nimekutumia ujumbe wa pembeni, dada. Mwambie aje na soksi nene, mbili mbili.